Kibao cha namba, mbwa na upepo wa Santa Ana: mwongozo kamili wa msimu wa moto kwa mwenye mbwa kusini mwa California

Kibao cha namba cha gari langu kina herufi saba tu: KASKAZI. Ndilo jina la mbwa wangu, niliyemchukua kwenye makazi ya wanyama mwezi wa Desemba, wiki ambayo upepo mkavu wa kaskazini-mashariki ulikuwa ukivuma usiku na mchana na kuangusha matawi ya miti mtaa mzima. Shangazi yangu aliyeko Tanga, nilipompigia simu kumsalimu na kumweleza habari hiyo, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, mbwa ndiye anayeandikwa kwenye gari, na wewe umeandikwa wapi?" Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyokusudia, na mwongozo huu kwa sehemu kubwa ni jibu lake.

Watu wengi huchukulia kibao chenye jina kuwa ni urembo. Katika msimu wa moto kinakuwa kitu kingine kabisa: ndicho kitambulisho chako ambacho jirani, askari wa barabarani na mfanyakazi wa kujitolea wanaweza kukikumbuka bila kukiandika popote. Jirani zangu wengi hawajui jina langu la ukoo, lakini wote wanalijua gari la Kaskazi. Kwa hiyo ukishakuwa na mbwa, gari na kibao cha namna hiyo, vipange viwe mnyororo mmoja, ili anayemwona mmoja wenu aweze kuwapata wengine. Hatua zifuatazo zinafuata utaratibu huo, kuanzia upepo wenyewe hadi siku ya kurudi nyumbani.

Hatua ya 1: Ujue upepo kabla hujauogopa

Aliyekulia pwani anajua kwamba upepo una jina, msimu na kazi yake: kaskazi ililetea bandari zetu majahazi kutoka Arabuni, na kusi ikayarudisha. Santa Ana nao una jina na msimu, na kwa bahati unavuma kutoka upande uleule wa kaskazini-mashariki, hasa kati ya Oktoba na Machi. Tofauti ni kwamba kaskazi yetu imepita juu ya bahari, ilhali Santa Ana hutoka bara. Hewa baridi na nzito hujikusanya juu ya nyanda za jangwa za Nevada na Utah, kisha hutafuta njia ya kuteremka kwenda baharini, ikipita katika mianya ya milima kama Cajon Pass. Kila hewa hiyo inaposhuka mita 1,000, hugandamizwa na kupata joto la takriban nyuzi 10 za Selsiasi, na kadiri inavyopata joto ndivyo unyevu wake unavyopungua, mara nyingine hadi chini ya asilimia 10. Kwa sababu hiyo unaweza kuwa na siku ya joto kali katikati ya Januari, na majani yaliyokuwa mabichi wiki iliyopita yakawa yanavunjika mkononi kama papadi.

Kaskazini mwa jimbo, kuzunguka ghuba ya San Francisco, upepo wa aina hiyo huitwa Diablo, na ndio uliousukuma moto wa Tubbs kuingia Santa Rosa mwezi Oktoba 2017. Kusini, mfano ambao hakuna anayeishi huku atausahau ni tarehe 7 Januari 2025, siku ambayo moto wa Palisades na ule wa Eaton, katika eneo la Los Angeles, ilianza kwa tofauti ya saa chache, baada ya miezi mingi bila mvua ya maana, na kwa pamoja ikateketeza zaidi ya majengo 16,000.

Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa taarifa za ngazi mbili, na ni muhimu usizichanganye. Ya kwanza ni tahadhari ya hali ya hewa ya moto, ambayo hutolewa siku moja hadi tatu kabla, ikimaanisha kwamba hali ya hatari inawezekana. Ya pili ni onyo la bendera nyekundu, ambalo maana yake ni kwamba upepo mkali na ukavu vimekwishafika au vimekaribia sana. Mimi huichukulia tahadhari kuwa siku ya kufungasha, na onyo kuwa siku ya kulala na viatu karibu na kitanda.

Kuna ishara moja ya nyumbani ambayo hakuna aliyenifundisha. Hewa inapokauka hivyo, ukipitisha kiganja juu ya mgongo wa mbwa gizani, manyoya hualika na kutoa cheche ndogo za buluu, naye hugeuka kukutazama kana kwamba umemchokoza. Ishara hiyo haichukui nafasi ya taarifa rasmi, lakini mara kadhaa ndiyo iliyonikumbusha kuifungua simu na kuisoma.

Hatua ya 2: Chagua maandishi ya kibao kwa akili ya siku mbaya

Idara ya Magari ya California, DMV, huruhusu maandishi ya kuanzia herufi 2 hadi 7 kwenye kibao cha kawaida cha gari dogo, na baadhi ya vibao vyenye picha upande wa kushoto huchukua hadi 6 tu. Kaskazi lina herufi saba kamili, jambo ambalo nalihesabu kuwa bahati. Katika tovuti ya idara hiyo unaweza kuandika maandishi unayoyataka, ukaona kama yamekwishachukuliwa na mtu mwingine, na ukaona pia yatakavyoonekana kwenye kibao. Fomu ya maombi itakutaka ueleze maana yake, na neno la lugha ya kigeni si tatizo ilimradi ulieleze kwa ukweli. Mimi niliandika kwamba ni upepo wa kaskazini-mashariki katika pwani ya Afrika Mashariki na pia ni jina la mbwa wangu, na ombi likapita.

Mwenye mbwa ana chaguo jingine la kufikiria, nalo ni kibao cha wapenda wanyama, chenye mchoro wa mbwa na paka uliochorwa na mwigizaji Pierce Brosnan. Fedha za ada yake huelekezwa kwenye huduma za bure au za bei nafuu za kuwafunga uzazi mbwa na paka. Kibao cha kawaida chenye maandishi binafsi nacho huchangia mfuko wa mazingira wa jimbo, mpango ulioanza mwaka 1970. Gharama ni makumi ya dola mwanzoni na nyongeza kila mwaka juu ya ada ya usajili, kiasi ambacho nikikilinganisha na mamilioni ya shilingi yanayodaiwa Tanzania kwa jina kwenye kibao, naona huku jina ni bidhaa ya mtu wa kawaida.

Sasa ufikirie matumizi yake siku ya moshi. Chagua neno ambalo mtu anaweza kulitamka kwa simu bila kulitaja herufi moja moja, kwa kuwa askari au jirani atakayelitaja atakuwa akipiga kelele kuushinda upepo. Epuka kuchanganya herufi O na tarakimu 0, au I na 1, kwa sababu anayeona kwa mbali hatazitofautisha na wewe ndiye utakayebebeshwa faini ya mwingine. Epuka pia mizaha ya aina ya "sina kibao". Mwaka 1979 mkazi mmoja wa Los Angeles alijikuta na kibao chenye maneno NO PLATE, na tangu siku hiyo faini za magari yasiyo na vibao zikawa zinamiminika nyumbani kwake kwa maelfu.

Swali gumu zaidi ni kama uandike jina la mbwa. Kwa upande mmoja, jina hilo likiwa mgongoni mwa gari, yeyote mwenye nia mbaya anaweza kumwita mbwa wako akamfuata. Kwa upande mwingine, mwokoaji anayemwona mbwa aliyejibanza chini ya ua na gari lililo karibu atajua jina la kumwitia, na mbwa mwenye hofu hulisikia jina lake kabla ya jambo jingine lolote. Mimi niliamua kuliandika, kwa sababu Kaskazi hamfuati mtu asiyemjua hata akiitwa kwa kipande cha nyama. Kama wako ni rafiki wa kila mtu, tumia jina la utani ambalo haliitikii.

Ukishaomba vibao hutavipata siku hiyo wala wiki hiyo. Huchukua muda mrefu kutengenezwa, kazi ambayo tangu miaka ya 1940 hufanywa na wafungwa wa gereza la Folsom. Ukishavipata, rudisha vya zamani, funga kimoja mbele na kimoja nyuma kama sheria ya California inavyotaka, na ubandike stika za mwezi na mwaka kwenye cha nyuma. Usivifunike kwa plastiki wala kuvizungushia fremu inayoficha maandishi, kwa kuwa ni kosa, na isitoshe rangi ya kibao imetengenezwa iakisi mwanga wa taa, uwezo unaouhitaji zaidi wakati hewa imejaa moshi. Katika msimu wa vumbi na majivu, vipanguse kwa kitambaa chenye maji kila unapojaza mafuta.

Hatua ya 3: Badilisha namba kila mahali ilipoandikwa

Hatua hii ni ya karatasi na wengi huiruka, nami niliiruka. Nilifunga vibao vipya kwa furaha, nikasahau kwamba akaunti yangu ya barabara za kulipia bado ilikuwa na namba ya zamani, na kwa wiki tatu nikawa napita kila asubuhi kama mtu asiye na akaunti. Barua za faini zilifika kwa mkupuo. Kwa hiyo, siku ileile unapofunga kibao, andika namba mpya kwa kampuni ya bima, akaunti ya barabara za kulipia, maegesho ya kazini na ya nyumbani, na kitabu cha wageni cha mtaa wenye geti kama unaishi kwenye mtaa wa namna hiyo. Usiku wa kuhama, gari ambalo halimo kwenye orodha ya geti ni la mwisho kuruhusiwa kurudi kuchukua mbwa.

Hatua ya 4: Unganisha mbwa na gari kwa maandishi

Mbwa wako anapaswa kuwa na chipu chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15, lakini chipu yenyewe haina jina lako wala simu yako. Ina namba tu, na namba hiyo haina faida kama hujaisajili na kuhakikisha kwamba simu iliyoandikwa bado inafanya kazi. Ongeza mtu wa pili anayeishi mbali na eneo lenu, kwa sababu moto ukiwaondoa nyote mtaani, simu za majirani wote zitakuwa katika hali ileile ya kukosa chaji na mtandao. Mtu wangu wa pili ni binamu yangu aliyeko Minnesota, ambaye anaogopa mbwa lakini anapokea simu usiku.

Shingoni mwa mbwa fungia kipande cha bati chenye jina lake, simu yako, na, hapa ndipo kibao kinapoingia, maandishi ya kibao chako. Bati langu linasema: "KASKAZI, gari langu lina jina hili." Mtu akimwokota mbwa huyo kwenye maegesho ya kituo cha waliohama, ambako kuna magari mia mbili na hakuna mtandao wa simu, ana uwezo wa kutembea kati ya magari na kutafuta neno moja.

Kisha andaa karatasi moja yenye picha yako ukiwa na mbwa, namba ya chipu, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo California inaidai kwa kila mbwa aliyezidi miezi mitatu, leseni ya mbwa ya kaunti, dawa anazotumia, jina la daktari wake, na maandishi ya kibao. Picha mkiwa pamoja ni muhimu kuliko picha ya mbwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba ni wako. Weka nakala moja kwenye mfuko wa plastiki ndani ya gari, ya pili kwenye begi la mbwa, na ya tatu kwenye simu.

Hatua ya 5: Tayarisha gari

Kuanzia Oktoba, usiache tangi la mafuta lishuke chini ya nusu, na kama gari lako ni la umeme, lichaji mapema mara tahadhari inapotolewa, kwa kuwa siku ya upepo mkali kampuni za umeme hukata umeme makusudi ili nyaya zao zisiwashe moto. Sababu ya tahadhari hiyo ni ya kweli kabisa: moto wa Camp ulioangamiza mji wa Paradise tarehe 8 Novemba 2018, na kuua watu 85, ulianzia kwenye njia ya umeme.

Umeme ukikatika, mlango wa gereji nao hukataa. Tangu Julai 2019 sheria ya California inataka mashine mpya za milango ya gereji ziwe na betri ya akiba, baada ya watu kadhaa kunaswa nyumbani katika moto wa 2017, lakini nyumba za zamani nyingi bado hazina. Angalia juu ya dari ya gereji: kuna kamba yenye kishikio chekundu inayoning'inia kwenye reli. Ukiivuta, mlango unaachana na mashine na unaweza kuuinua kwa mikono. Mara yangu ya kwanza kuhitaji kamba hiyo ilikuwa saa nane usiku, nikiwa na tochi mdomoni, nikidhani ni sehemu ya taa. Ivute leo mchana, uinue mlango, uone uzito wake, na umwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba. Wakati wa onyo la bendera nyekundu, egesha gari nje, uso ukitazama barabarani, madirisha yamefungwa.

Usiegeshe kamwe juu ya nyasi kavu, kwa sababu sehemu za chini za ekzosi huwa na joto la kutosha kuziwasha. Ukivuta trela, kagua matairi na hakikisha hakuna mnyororo unaoburuta. Moto mkubwa wa Carr, karibu na Redding, ulianza tarehe 23 Julai 2018 kwa sababu tairi la trela lilipasuka na rimu ikasugua lami mpaka ikatoa cheche. Ukishaijua habari hiyo, hutalitazama tena gurudumu la trela kwa macho yale ya zamani.

Hatua ya 6: Tayarisha mbwa, na hapa usiharakishe

Begi la mbwa ni jepesi kuandaa: chakula cha siku saba, maji, bakuli, dawa, kamba mbili, kizimba cha kubebea, taulo kuukuu, na nguo moja uliyoivaa bila kuifua, kwa ajili ya harufu yako. Ugumu uko kwa mbwa mwenyewe. Mbwa anayesikia dharuba za upepo zikigonga madirisha, anayenusa moshi na kuona watu wake wakikimbia chumba hadi chumba, hafuati amri, hutafuta shimo. Kaskazi, mnyama mwenye jina la upepo, ndiye mwoga wa upepo kuliko mbwa wote wa mtaa, na usiku ule wa kamba nyekundu alikuwa ameingia chini ya kitanda hadi kwenye kona ambayo mkono wangu haufiki. Nilipoteza dakika 11, nikazihesabu baadaye kwa kumbukumbu za simu.

Dawa ya tatizo hilo ni mazoezi ya wiki nyingi. Anza kwa kukiweka kizimba sebuleni, mlango wazi, na kumlishia humo kila siku mpaka kiwe chumba chake. Kisha mfundishe neno moja la kuingia garini, ambalo hulitumii kwa jambo jingine, na kila anapolitii apate kitu anachokipenda kuliko vyote. Baada ya hapo fanyeni zoezi zima: tamka neno, mfunge kamba, mwingize kwenye kizimba, beba begi, toka, pandeni gari, zungukeni mtaa, mrudi. Pima muda. Sisi tulianza na dakika tisa na sasa tuko dakika tatu na nusu. Fanyeni zoezi moja usiku taa zikiwa zimezimwa, na jingine siku ya upepo usio wa hatari, ili sauti ile iache kuwa habari mbaya peke yake. Na mara tahadhari inapotolewa, funga milango ya vyumba vyenye vitanda virefu.

Jambo jingine la kufanya mapema ni kujua mtakakolala. Baada ya kimbunga Katrina, ambako watu walikataa kuokolewa bila wanyama wao, Marekani ilipitisha mwaka 2006 sheria inayotaka mipango ya dharura ya majimbo na miji izingatie wanyama wa nyumbani. Hata hivyo, kituo cha watu mara nyingi hakimwingizi mbwa ndani. Hupelekwa sehemu ya jirani inayosimamiwa na watu wa wanyama. Andika majina ya hoteli mbili zinazopokea mbwa, katika pande mbili tofauti, na rafiki mmoja ambaye umekwisha kumwomba, naye akakubali kwa kinywa chake.

Hatua ya 7: Siku ya bendera nyekundu

Mtembeze mbwa alfajiri, kwa kamba fupi, mbali na miti mirefu na nyaya. Geti la ua likiwa bovu, lifunge kwa kamba, maana upepo huu hufungua mageti na mbwa wengi hupotea siku ya upepo hata pasipo moto. Ondoa barazani godoro la mbwa, mkeka na kila kitu kinachoshika cheche, kwa kuwa vipande vya makaa husafiri na upepo zaidi ya kilomita moja mbele ya moto na nyumba nyingi huanza kuungua kwa cheche hizo kabla miale haijafika. Usikate nyasi kwa mashine, usichome nyama nje.

Fungua programu ya Watch Duty kwenye simu, inayoonyesha moto ulipo, ujue jina la eneo lako la kuhama, kwa kuwa amri hutolewa kwa namba za maeneo na si kwa majina ya mitaa. Kama kuna moshi, angalia kipimo cha ubora wa hewa. Kikizidi 150, mtoe mbwa kwa haja tu na umrudishe, na kama ni wa pua fupi kama bulldog, kuwa mwangalifu hata kabla ya kipimo hicho. Barakoa ya binadamu haimkai mbwa, usihangaike nayo.

Hatua ya 8: Kuondoka

Mwenye mbwa aondoke kwenye ilani ya kuhama, asingoje amri. Ninalisema hilo kwa msisitizo kwa sababu barabara za milimani hazina nafasi ya waliochelewa. Huko Palisades, tarehe 7 Januari 2025, watu walikwama kwenye foleni Sunset Boulevard na Palisades Drive, wakaambiwa washuke wakimbie kwa miguu, na baadaye tingatinga likaletwa kuyasukuma magari pembeni ili wazima moto wapite.

Kabla ya kuwasha gari, tuma ujumbe mmoja kwa mtu wako wa mbali: mmeondoka saa ngapi, barabara gani, mnaelekea wapi, na kibao cha gari. Mbwa akae kwenye kizimba au afungwe mkanda wake, madirisha juu, hewa izunguke ndani, taa za mbele ziwake. Waya wa umeme ukiangukia gari, bakini ndani mpaka msaada ufike. Na kama mkilazimika kuliacha gari, lisogeze pembeni kadiri inavyowezekana, acha ufunguo ndani ili waokoaji waweze kuliondoa, funga kamba ya mbwa mkononi mwako kwa kuizungusha kiwikoni, na uchukue karatasi ile ya hatua ya 4. Kuanzia hapo gari linajieleza lenyewe kwa kibao, na mbwa anajieleza kwa bati la shingoni.

Hatua ya 9: Kurudi, na vibao vilivyoungua

Vizuizi vya barabarani vitadai kitambulisho chenye anwani, hivyo jina la mbwa kwenye gari halitakusaidia hapo. Mwache mbwa kwa rafiki siku ya kwanza. Majivu ya nyumba si kama majivu ya kuni. Yana madini ya risasi, plastiki na misumari, na mbwa huyalamba kutoka miguuni. Akishakanyaga, mwoshe miguu kwa maji na sabuni yake kabla hajajilamba, na umwondolee pia kwa kumwosha ile dawa ya kuzuia moto ya rangi ya waridi inayomwagwa na ndege za zimamoto, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji yenye chumvi za mbolea. Mbwa asiyepatikana atafutwe kwenye makazi yote ya kaunti kwa kwenda mwenyewe, kila baada ya siku mbili, maana wanaoletwa wameungua manyoya na maelezo ya simu hayatoshi kuwatambua. Baada ya moto wa Eaton, makazi ya Pasadena Humane yalipokea mamia ya wanyama katika siku chache tu.

Kama gari limeungua, wengi hudhani kibao kimekwenda nalo. Haki ya maandishi yale ni yako na haikufungwa kwenye gari. Kabla hujaikabidhi kampuni ya bima gari hilo kama limeharibika lote, iambie kwa maandishi kwamba unabaki na kibao, na kama mabaki yake yanapatikana, yafungue uyachukue, hata kama yamejikunja kama jani la mgomba. Kisha jaza fomu ya DMV iitwayo REG 156, ya kuomba vibao na hati mbadala. Baada ya moto wa Januari 2025 gavana alifuta ada za hati kadhaa za idara hiyo kwa waliounguliwa, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna agizo la namna hiyo kwa moto wenu kabla ya kulipa. Vibao vilivyoibwa katika mtaa ulioachwa tupu, toa taarifa polisi siku hiyohiyo, usije ukajibu maswali ya gari usilolijua.

Wakati unasubiri vibao vipya utapewa namba ya muda isiyo na jina lolote. Libadilishe bati la shingoni mwa mbwa jioni hiyohiyo, kwa sababu mpaka vifike, bati lile linamwelekeza mwokoaji kwenye gari ambalo halipo.